Mikaratusi Niliyoipanda Chemchemini

Mwezi uliopita mafua yaliingia nyumbani kwetu hapa Karatu mjini, yakatupitia mmoja mmoja kama bwana afya anayekagua vyoo. Zamu yangu ilipofika, mume wangu, ambaye anaamini dawa yoyote ilimradi haiuzwi, alitoka akarudi na kifungu cha majani ya mkaratusi. Akayachemsha kwenye sufuria kubwa, akanikalisha kwenye kigoda, akanifunika shuka zito na kuniambia nivute pumzi. Nikavuta. Pua iliyoziba kwa siku tatu ikafunguka, harufu ile kali ikashuka hadi kifuani, nami nikajikuta nina miaka kumi na mbili, nimesimama na ufagio mkononi chini ya miti yangu huko kijijini kwetu Daa. Nilipojifunua nilikuwa nachuruzika machozi, na mume wangu akafurahi kwamba dawa imefanya kazi.

Nasema miti yangu bila kuona haya. Nilikuwa darasa la pili shule yetu ilipoanzisha kitalu, na mvua za masika ziliposhika kila mwanafunzi aligawiwa miche miwili ya mikaratusi akaipande kwao. Siku hiyo nusu ya darasa hawakuja, maana ilikuwa wakati wa palizi. Miche ikabaki. Mwalimu mkuu akauliza nani anaweza kubeba zaidi, mkono wangu ukawa juu kabla hajamaliza kuuliza. Nilibeba viriba ishirini na vinne vya miche kwa safari tatu, ndani ya karai, kichwani, na udongo mweusi ukinitiririkia shingoni. Mama aliponiona kwenye safari ya tatu aliacha jembe akacheka mpaka akakaa chini.

Baba hakucheka. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na mbaazi, mtu wa kupenda kitu kilichonyooka, na mistari ya shamba lake ilikuwa fahari yake kuliko hata ng'ombe wake. Aliishika miche ile, akaigeuza, akauliza tutaipanda wapi. Nikamwambia chemchemini. Kwenye ukuta wa darasa letu palikuwa pameandikwa kwa rangi ya kijani kwamba anayepanda miti amepanda maji, na mimi nilikuwa mtoto wa kuamini kuta. Chemchemi yetu ilikuwa bondeni chini ya shamba, kwenye matete, na kitongoji kizima kilichota hapo. Baba akanionyesha kwa kidole kaskazini, ambako asubuhi ya wazi unauona msitu wa Ngorongoro umekaa juu ya ukingo wa mlima, mweusi kwa ukijani, na mawingu hayabanduki juu yake. Akasema vijito vyote vinavyoshuka huku vinazaliwa pale kwenye miti, kwa hiyo na sisi tutengeneze Ngorongoro yetu ndogo.

Tulifanya kazi siku mbili. Tulifyeka matete yote, tukang'oa magugu, tukachimba mashimo ishirini na manne kuizunguka chemchemi, Baba akipima kwa kamba ili mduara usipinde. Waliokuja kuchota maji walitusifu. Mzee mmoja alisema kwamba sasa chemchemi imevaa mkanda. Nililala siku hiyo mikono imetoka malengelenge, nikayapapasa gizani kwa furaha.

Nayo mikaratusi, Mungu aliipa haraka. Mwaka wa kwanza ilinifika kiunoni, wa pili ikampita Baba, wa tatu ikawa unainua uso kutafuta kilele. Nilikuwa naitembelea kila nikienda kuchota maji. Nilizoea kuukumbatia mti mmoja na kubandika sikio kwenye gome lake laini. Hata jua la saa saba likichoma, gome lilikuwa la baridi, na mimi niliijua sababu: ndani mlikuwa mna maji. Nilikuwa na elimu yangu niliyoitunga mwenyewe. Ng'ombe unampa majani, anakupa maziwa. Mti nao unakula jua na upepo kule juu, halafu unakamua maji na kuyashusha kwenye mizizi, na mizizi inayamwagia chemchemini. Niliwafundisha wadogo zangu elimu hiyo, na hakuna aliyenipinga.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni usafi. Chini ya miti yangu hapakuota nyasi hata moja. Ardhi ilikuwa wazi, imefunikwa majani makavu marefu yasiyooza, na kila Jumamosi niliyafagia na kuyachoma, mpaka pakawa kama uwanja wa kanisa. Wakati wa matete pale palikuwa na vyura, kereng'ende, na ndege wadogo wekundu waliofuma viota. Walipotoweka sikuwakumbuka. Niliona tumepata mahali pa kistaarabu.

Sifa zikaja zenyewe. Bwana mmoja kutoka mjini, mwenye viatu visivyofaa kwa tope, alifika na kamera, akanipiga picha nimeegemea mti, akaniachia madaftari sita. Shuleni wakaniita Mama Misitu. Baba akawa hapokei mgeni bila kumpeleka bondeni. Isitoshe, alikuwa na nia yake: nyumba yetu ya udongo ilikuwa inaelemea upande mmoja, na kwenye miti kumi na minane alikuwa ameshatia alama ya panga, ile ndiyo itakuwa nguzo na kenchi za nyumba ya bati. Tulikula ugali wetu tukiizungumzia nyumba hiyo, chumba baada ya chumba.

Mambo yalibadilika polepole, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Zamani ndoo ilijaa kabla hujamaliza kusalimia watu. Baadaye ukawa unasalimia, unauliza habari za nyumbani, za mashamba, za wagonjwa, na ndoo bado nusu. Kiangazi cha nne kina mama walikuwa wanakaa foleni tangu alfajiri, wanakwangua maji kwa kikombe, na yanatoka na mchanga. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Wapo waliosema ni hoteli za kule barabarani zinavuta maji kwa pampu. Wapo waliosema dunia imezeeka. Mimi nilisema miti bado michanga, ikikomaa tutaoga mara mbili kwa siku.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Jirani yetu aliitwa Mama Fabiola, mjane mwenye watoto wanne. Alitokea upande wa Baray, na ingawa alikuwa ameishi kwetu miaka mingi, watu walikuwa bado wanamwita mgeni. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele kila shule zilipofungwa. Kwetu kuna mwiko wa tangu mababu: chombo chenye masizi hakizamishwi chemchemini, kwa sababu chemchemi huchukia na kuondoka. Siku moja, nikiwa nasubiri zamu yangu, niliona sufuria ya Mama Fabiola yenye masizi imewekwa pembeni mwa maji, juu ya jiwe. Niliporudi nyumbani nikaeleza nilichokiona, kwa ule umbea wa mtoto anayependa kusikilizwa. Shangazi yangu mmoja alikuwepo. Neno likatoka kwetu likiwa sufuria pembeni, likafika kwa watu likiwa sufuria ndani.

Wiki ile ile wazee wakamkataza Mama Fabiola kuchota, mpaka mkutano wa kitongoji utakapoamua. Ilisemekana atafungiwa moja kwa moja, na kwamba kondoo mweusi atachinjwa kuisihi chemchemi irudi. Basi yeye na watoto wake wakaanza kwenda kijito cha mbali, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Walipita mbele ya mlango wetu kila asubuhi na madumu yao. Yule mdogo kabisa alibeba chupa ya soda. Mama yangu alikuwa akiwaona anaingia ndani, na mimi nilikuwa nikijiambia kwamba mwiko ni mwiko.

Wakati huo huo tulikuwa darasa la sita, na mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Agripina, alikuwa mtu wa kututuma kufanya vitu badala ya kuvinakili. Alitupa kazi ya nyumbani: kila mmoja afunge mfuko wa nailoni, enzi hizo ikiwa bado inazagaa kila mahali, kwenye tawi lenye majani mabichi asubuhi, aufunge vizuri kwa uzi, na jioni aeleze alichokuta. Wenzangu walifunga kwenye mbaazi na mipera. Mimi ningefunga wapi tena? Nilichagua mkaratusi wa ukingoni wenye tawi lililoinama, nikafunga, nikaenda shule.

Jioni niliukuta mfuko umevimba na kulegea, na ndani yake maji. Maji safi, yametulia pembeni, yanajaa kiganja na zaidi. Nilipiga kelele peke yangu pale bondeni. Huu sasa ulikuwa ushahidi. Nilikimbia kilima chote mfuko mkononi, nikaingia jikoni kwa Mama aliyekuwa anachambua mboga, nikamwonyesha, nikamweleza jinsi mti unavyotoa maji, tena tawi moja tu, kwa siku moja tu, na kwamba kumbe wote walikuwa wanabishana bure.

Mama aliishia darasa la nne, na hakuwa mtu wa kubishana na vitabu. Aliushika ule mfuko, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia maji kwa muda. Halafu akauliza:

"Na mti umeyapata wapi?"

Nilimwangalia Mama, yeye akaendelea kuchambua mboga, wala hakuwa na habari kwamba ameniangusha. Nilitoka nje nikakaa kwenye kuni. Niliyajumlisha polepole: gome la baridi, ardhi kavu, vyura waliohama, na tawi moja kutoa maji ya kujaa kiganja, wakati kila mti ulikuwa na matawi nisiyoweza kuyahesabu. Nilikuwa nimesema kweli kwamba ndani ya miti mna maji. Nilikosea upande tu. Nilidhani yanashuka, kumbe muda wote yalikuwa yanapanda.

Kesho yake nilibaki darasani wenzangu walipotoka, nikamuuliza Mwalimu Agripina, huku nikiomba anikatalie. Hakunikatalia. Alinieleza kwamba kila mti hunywa na kupumua maji kupitia majani, ila mkaratusi hunywa kwa pupa, mizizi yake hufuata maji yalipo, na hata kiangazi haupumziki. Nikamuuliza mbona msitu wa Ngorongoro una miti maelfu na maji hayaishi. Akasema pale hakuna miti tu, kuna jamii: mikubwa, midogo, vichaka, kuvu, wadudu, na chini yake majani yaliyooza miaka na miaka mpaka yamekuwa godoro. Mvua ikinyesha hailikimbii godoro lile, inazama taratibu, na ukungu unaopita nao unanaswa na majani. Kisha akaniuliza chini ya miti yangu kuna nini. Nikamwambia ninafagia. Mwalimu alinishika bega tu.

Jioni hiyo nilimwambia Baba, mbele ya chakula. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mti hauwezi kunywa chemchemi, na kwamba walimu wa siku hizi wanasema leo hiki na kesho kile. Ndio waliotupa miche, ndio sasa wanatuambia tuikate. Kwa hilo alikuwa na haki, na mpaka leo nampa haki hiyo. Alisema pia kwamba nyumba ile ni yetu sote. Hakukasirika. Aliacha tonge lake, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ameshawaangalia.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule. Watoto tulikuwa tunakaa ukingoni tukitakiwa kunyamaza. Mama Fabiola alikuwa amekaa peke yake, kanga ameivuta mpaka kwenye macho. Mwenyekiti wa kitongoji akaeleza shida ya maji, wazee wawili wakaeleza mwiko, na ikafika mahali pa kuuliza kama kuna mwenye neno kabla ya kuamua. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nguo ile nilikuwa nimeivaa mimi. Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akasema tumsikie Mama Misitu.

Nilikuwa nimekuja na ule mfuko wa nailoni, maji yamo, nimeushika kwa mikono miwili. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Ijumaa.

"Maji yetu yako juu kwenye mikaratusi. Niliipanda mimi, na matete niliyafyeka mimi. Na sufuria ya Mama Fabiola niliiona pembeni juu ya jiwe. Ndani ya maji sikuiona."

Kicheko kilikatika. Wakaupokezana mfuko, mkono kwa mkono, wakinusa, wakiutikisa. Kina mama, ambao ndio waliokaa foleni miaka yote ile, walielewa kabla ya wanaume. Mmoja akasema kwamba ni kweli, upande wenye miti mikubwa zaidi ndio ulioanza kukauka. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya ukali, miti ile ina mwenyewe, na nani atakayekubali kuikata kwa sababu ya maneno ya mtoto?

Sikuthubutu kumwangalia Baba. Nilisikia kiti chake kikilia, nikajua amesimama.

"Miti ni yangu na mtoto ni wangu," alisema. "Kesho asubuhi tunakata. Mwenye shoka aje."

Akakaa. Baba yangu hakuwahi kutoa hotuba ndefu kuliko hiyo maishani mwake. Nimesikia watu wengi wakizungumza majukwaani tangu siku ile, wengine wakiwa na vipaza sauti, na sijaona aliyempita.

Kondoo mweusi alichinjwa hata hivyo, kwa sababu kwetu kondoo akishatajwa haachwi, na nyama ilikuwa nzuri. Miti tuliikata siku tatu. Ile yenye alama za panga Baba aliikata mwenyewe, akianza na mkubwa kuliko yote, na nguzo alizigawa nusu kwa majirani waliokuja na mashoka. Nyumba ya bati tulikuja kuijenga, ila ikawa ndogo, chumba kimoja pungufu ya tulivyokuwa tukiizungumza. Hicho chumba kilichopungua kilikuwa changu.

Kumbe kukata ni nusu ya kazi. Visiki vya mkaratusi havikati tamaa. Mwezi haukwisha vilikuwa vimechipua, na nikapewa panga na kazi ya kila Jumamosi: kuvunja machipukizi yote. Niliyavunja mwaka mzima na nusu ya mwaka wa pili. Kina mama walileta matete kutoka kijitoni wakayachomeka kwenye tope, Baba akachomeka vipande vya mkuyu ambavyo vilishika kwa urahisi, na ufagio wangu ukapigwa marufuku bondeni. Majani yakaachwa yaoze. Masika ya kwanza hayakuleta kitu cha kusimulia, na wapo walioanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Masika ya pili yalipokwisha, kiangazi kikaingia, na chemchemi haikushuka. Ndoo zikawa zinajaa. Chura mmoja akalia, halafu wengi.

Lakini Mama Fabiola alikuwa hajarudi. Wazee walimwondolea katazo siku ile ile ya mkutano, mwenyekiti akaenda kwake kumwomba radhi, Mama akampelekea maharage, na yeye alipokea yote kwa heshima, ila kesho yake alipita na madumu yake kuelekea kijito cha mbali. Hakunisuka tena. Nikimwamkia alikuwa akiitikia kama anavyoitikia mtu yeyote barabarani. Kwa hiyo kila waliponisifu kwamba maji yamerudi nilikuwa najivuna, ndiyo, nisiseme uongo, lakini fahari yenyewe ilikuwa na kidonda katikati.

Alikuja chemchemini asubuhi moja nikiwa darasa la saba, siku chache kabla ya mtihani wa mwisho. Kina mama walikuwa watano au sita, wakampisha. Alichutama kwenye matete, akayaangalia maji yale kwa muda, akayateka kwa kiganja, akayanywa. Akajaza dumu lake. Halafu, bila kuniuliza, akachukua ndoo yangu, akaijaza mpaka juu, akaifunika kwa jani ili isimwagike. Kwetu kumtwisha mtu maji ni tendo la watu walio sawa mioyoni. Aliyenuniwa hujitwisha mwenyewe. Mama Fabiola aliinua ile ndoo kwa mikono yake miwili, akanisogelea, akaniambia niinamishe kichwa. Akanitwisha. Nilipanda kilima shingo ikiwa imenyooka, sikugeuka nyuma hata mara moja, na maji yaliyokuwa yakinilowesha mashavu hayakutoka kwenye ndoo.